Nundu Kando ya Kidole Kidogo

Mama yangu alikuwa na nundu kwenye mguu wa kushoto, upande wa nje, pale kidole kidogo kinapoanzia. Ilikuwa ndogo, ungeweza kuifunika kwa kidole gumba na bado kidole kikabaki. Nasema ukubwa wake mapema kwa sababu watu nikianza kuwasimulia jinsi boma letu lilivyovunjika hudhani nazungumzia saratani, au mguu uliokatwa. Hapana. Ni kauvimbe tu, ka mfupa na ngozi, ambako nusu ya wanawake wa kwetu wanatembea nako bila hata kukapa jina.

Boma hilo liko nje ya Mutomo, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hupigiana simu kuulizana kama ni kweli. Baba alioa wake wawili, akafa akawaacha wote wawili hapo. Mama yangu ndiye mke mkubwa, na alizaa kaka yangu na mimi. Mke wa pili tulimwita mama mdogo. Yeye hakujaliwa mtoto, na kwetu mjane asiye na mtoto amekaa kwenye boma la mumewe kwa hisani ya wengine. Alilijua hilo. Aliamka kabla ya kila mtu, na sikumbuki siku hata moja alipokula kabla ya mama yangu kunawa mikono.

Mtu akisikia wake wenza hungojea kusikia vita. Kwetu vita havikuwepo. Baba alipokuwa hai wawili hao walimsengenya pamoja, alipokufa walimlilia pamoja, na matanga yalipokwisha wakaendelea kumsengenya kama kawaida. Kilichowaunganisha zaidi ni mkonge. Walisuka vyondo, vile vikapu vya kubeba begani, tangu ujana wao, na kila siku, kazi za asubuhi zikiisha, walikaa chini upande wa jikoni wenye kivuli, mgongo ukutani, wakisokota nyuzi na kusuka hadi mbuzi waliporudi.

Ni lazima nieleze walivyokaa, maana kila kitu kimelala hapo. Anayesuka kiondo husokota uzi kwa kiganja juu ya paja. Paja la kusokotea ni la kulia, kwa hiyo mguu wa kulia hunyooshwa mbele. Wa kushoto hukunjwa, ukaingizwa chini ya ule mwingine, na ubavu wa wayo ukabaki umebanwa kati ya uzito wa mwili na ardhi. Juu yake huja leso, na juu ya leso huja kiondo. Wasichana hufundishwa kukaa hivyo kabla ya kufundishwa kusuka. Mimi pia nilifundishwa, nikashindwa, nikaenda kupika katika hoteli ya madereva wa malori Mtito Andei, ambako hadi leo nasimama wima mchana kutwa. Mgongo wangu umeharibika lakini miguu yangu ni mizima.

Nundu ya mama ilianza kwa wekundu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameamua kuvaa sare, na sare ilikuja na viatu vyeusi vilivyochongoka mbele. Mama alivivaa Jumapili moja, akarudi nyumbani akichechemea. Baadaye ngozi ya pale ikawa ngumu, ikatoa sugu, na chini ya sugu kukawa na moto. Aliniambia kwenye simu kwamba hata blanketi likigusa pale anasikia kama amemwagiwa uji.

Kila mtu alileta dawa yake. Maji moto na chumvi. Utomvu wa mshubiri. Mafuta ya taa, ambayo kwetu hutibu kila kitu kuanzia funza hadi huzuni. Mama mdogo ndiye aliyechemsha maji, ndiye aliyeupakata mguu ule na kuukanda jioni baada ya jioni. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi nilimkuta ameushika mguu wa mama yangu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kifaranga.

Halafu mwanamke mmoja wa kanisani akaja kumjulia mama hali, akautazama mguu, akatikisa kichwa.

"Huyu amekanyaga kitu," akasema.

Kwa asiyejua: kukanyaga kitu maana yake ni kwamba mtu amekutegea dawa njiani. Wengine wote watapita juu yake salama, lakini wewe uliyekusudiwa ukipita, mguu unavimba. Ni maelezo mazuri sana. Hayahitaji ushahidi wowote isipokuwa mguu uliovimba na mtu wa kushuku.

Kaka yangu aliposikia alikuja mbio. Huyu ni mtu wa diploma, anafanya kazi katika ofisi za kaunti, ana suti tatu na tai zake. Nilidhani amekuja kumpeleka mama hospitalini. Kumbe ndani ya gari alikuwa amemleta mganga kutoka ng'ambo ya pili ya Kitui, na mganga alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Nilikuwepo siku hiyo. Mama alikalishwa kwenye kigoda uani. Mama mdogo alipiga magoti nyuma yake akamshika mabega, maana mganga alisema atachanja na mgonjwa asiruke. Akachanja kwa wembe, mistari mifupi juu ya nundu, akaweka pembe, akafyonza. Mama alikuwa anauma leso. Mganga akatema ndani ya kibuyu, akakoroga ile damu nyeusi kwa kijiti, akainua kitu polepole ili tukione sote. Kilikuwa kipande cha uzi wa mkonge, kimefungwa fundo, cha rangi ya udongo.

Rangi ile ilikuwa ya mama mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa akichemsha magome ya miti na kutia nyuzi rangi, za kwake na za mama.  Macho yote yalihama kutoka kwenye kijiti yakaenda kwenye ile mikono miwili iliyokuwa bado imeshika mabega ya mama yangu.

Mimi ndimi mwenye mdomo katika familia, na nikaufungua. Nikasema katika boma hili mkonge uko kwenye ugali, uko kwenye nywele, uko kitandani, ukimpasua kuku utaukuta, sasa nini cha ajabu ukitoka kwenye mguu wa msuka vyondo? Na kama mganga angetoa kipande cha raba ya gari, si ingesemwa ni kaka?

"Wewe nyamaza," kaka akaniambia. "Hii mambo huelewi. Umekaa sana na watu wa barabara."

Mama mdogo alitoa mikono yake taratibu. "Dada," akamwambia mama, "hiyo uzi ni ya kila siku. Unaijua."

 Mama alikuwa anautazama mguu wake ukivuja damu, na nilimwona akivuta leso kufunika mabega, pale yalipokuwa yameshikwa.

Siku zilizofuata chale ziliiva. Mguu ulijaa usaha, ukang'aa, homa ikampanda mama hadi akawa anamwita baba. Niliacha kazi nikaja, nikamkuta ndani peke yake na mlango umerudishwa. Mama mdogo alikuwa amekaa nje ya mlango huo na bakuli la uji ambalo alikatazwa kuliingiza. Kaka alikuwa amesema asiguse chochote kitakachogusa kinywa cha mama. Nilichukua lile bakuli, nikamnywesha mama uji wote, kisha nikatafuta gari nikampeleka hospitalini bila kumuuliza mtu.

Walimlaza. Walimpa dawa ya sindano ya kuua viini, wakaosha kidonda kila asubuhi, na homa iliposhuka wakampiga mguu eksirei. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, ana sauti ya upole. Aliishika ile picha dirishani akatuonyesha: mfupa mrefu unaokwenda kwenye kidole kidogo, na kichwa chake jinsi kilivyosukumwa nje.

"Mama, unaona hapa? Hii ni mfupa yako mwenyewe. Imetokea nje kidogo. Ukiifinya sana, ile ngozi iko juu inafura, inajaza maji. Sasa wewe ukikaa chini unakunja mguu namna gani?"

Mama akamwonyesha pale pale kitandani. Daktari akatabasamu.

"Ndiyo hiyo. Miaka yote hiyo umeikalia. Na viatu ikikuwa nyembamba, basi inawaka moto."

Alitupa masharti, na nilimfanya ayarudie mara mbili ili mama asikie. Akae kwenye kiti, asikalie mguu. Avae viatu vipana, na kama hana, atoboe kile cha zamani upande wa nundu. Aweke kipande cha sponji kuzunguka pale ili kiatu kisiguse. Ikiwaka, maji baridi na vidonge vya maumivu. Asikate sugu kwa wembe, na asichanjwe tena na mtu yeyote. Kama hayo yote yangeshindikana, kuna operesheni ya kuunyoosha mfupa, lakini alidhani haitafika huko.

Nilifurahi. Naona aibu kidogo nikikumbuka nilivyofurahi, kana kwamba nimepewa dawa ya boma zima katika bahasha moja kubwa ya kahawia. Nilimwambia mama, umesikia? Ni kukaa tu. Ni kukaa na viatu.

Mama akasema, "Daktari ameona mfupa. Hajaona aliyeusukuma."

Nyumbani nilimwonyesha kaka ile picha, nikiishikilia juani. Aliiangalia vizuri, mtu wa ofisi, akakubali kila nilichomwonyesha. "Hakuna mtu amekataa ni mfupa," akasema. "Swali ni kwa nini mfupa ya mama ndiyo imetoka."

Wazee wa ukoo wakaitwa. Walikaa kwenye viti vya plastiki uani, wakanywa chai, wakazungumza sana juu ya amani. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kinachoamuliwa pale: kama mama mdogo ataendelea kulala katika nyumba aliyoolewa akiwa msichana, au la. Hakuwa na mwana wa kumsemea. Mimi nilisema, na nilisikilizwa jinsi mwanamke ambaye hajaolewa anavyosikilizwa. Mzee mmoja akapendekeza aape, mambo yaishe.

Mama mdogo alisimama. Hakulia. "Nitaapa," akasema. "Lakini mniambie kwanza. Nikiapa na mguu ikatae kupona, mtasema nini? Na ikipona, mtasema nini?"

Wazee walitazama vikombe vyao. Hapo ndipo mmoja wao akamgeukia mama yangu akamwambia yeye ndiye mwenye mguu, aseme anataka nini. Nilimtazama mama. Nilikuwa naomba moyoni aseme jina la huyo mwanamke tu, alitaje kama alivyolitaja maisha yake yote, ingetosha.

"Mimi nataka kulala bila maumivu," mama akasema.

Basi. Ndugu yake mama mdogo alikuja kumchukua na pikapu, akampeleka kwao upande wa Nuu, mbali kabisa na sisi. Alipakia kitanda, sufuria, kuku wawili waliofungwa miguu. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa na redio ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa ndani. Mama mdogo alisimama mbele ya mlango ule, akasema kwaheri kwa ubao, akapanda gari.

Na mguu ukapona.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Mama sasa hakuwa na mtu wa kukaa naye kivulini. Kusuka peke yake hakuweza, alisema mikono inakuwa mizito, kwa hiyo akaacha kabisa. Akawa anakaa kwenye kiti cha baba karibu na redio. Viatu vya sare havikuweza kuingia kwa sababu ya bandeji, akazoea ndara pana. Kila alichoambiwa na daktari alikifanya, kimoja baada ya kingine, bila kukusudia hata kimoja. Wekundu ukaisha. Sugu ikalainika ikabanduka. Nundu yenyewe ilibaki, maana mfupa hauna pa kwenda, lakini ilitulia.

"Unaona?" akaniambia. "Ametoka, na maumivu imetoka."

Nilimweleza. Nilipandisha sauti. Nilikaa chini nikakunja mguu kama yeye, nikamwonyesha ardhi inavyobana. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto anayelilia mwezi.

"Na wewe umesomea udaktari hoteli gani?" akaniuliza, na kaka akacheka hadi akashika tumbo. Shamba dogo la mama mdogo wakati huo lilikuwa limeshazungushiwa seng'enge, mbuzi wa kaka wako ndani.

Nilikwenda Nuu mara moja kumwona. Aliniandalia kitoweo cha kuku, mmoja wa wale wawili, nikala. Kitu cha kwanza alichouliza ni mguu wa mama.

"Umepona," nikasema.

"Asante Mungu."

"Wanasema ni kwa sababu uliondoka."

Aliendelea kutenganisha nyuzi za mkonge kwa kidole, moja moja. "Basi ni vizuri niliondoka."

Nilimwambia arudi. Nilimwambia mama amepoa, nitasema na wazee upya, nitaleta hata yule daktari. Hapo alinicheka kidogo, si kwa ubaya.

"Nirudi, mwanangu? Na siku atajikwaa kwa jiwe?"

 Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama pale hadi sikumwona tena.

Alikufa kwa kifua, msimu wa baridi na ukame. Kaka alisema kazi ni nyingi ofisini. Mama alisema miguu yake haiwezi safari. Nikaenda mimi peke yangu kuwakilisha boma alilolitumikia, na kwa kuwa yeye hakuwa na binti, niliingia chumba cha maiti na mke wa ndugu yake kumvalisha. Alikuwa amekuwa mwepesi sana. Tulimvika gauni, tukamfunga kitambaa. Mimi nikachukua soksi.

Mguu wa kulia ulikuwa mguu tu, wa mtu aliyetembea. Wa kushoto nilipoushika nilihisi kitu kabla ya kukiona. Nikawasha simu nikamulika. Kando ya kidole kidogo, mahali pale pale, kulikuwa na nundu. Ilikuwa kubwa kuliko ya mama, maradufu, na sugu juu yake ilikuwa ya njano na imepasuka kama ngozi ya kisigino. Haikuwa na chale hata moja.

"Hiyo alikuja nayo kutoka kwenu," mke wa ndugu yake akasema. "Imemsumbua miaka. Usiku alikuwa analia nayo. Alitukataza tusiseme."

Nilikaa pale kwenye sakafu ya saruji nimeushika ule mguu. Nani huangalia miguu ya mwenzake? Walikaa bega kwa bega maisha yao yote, wamekunja mguu ule ule, wamefunika kwa leso, na ardhi ile ile ikawala wote wawili. Na nikamkasirikia marehemu, nasema ukweli. Wazee walikuwa wamekaa uani, mimi ninashikilia picha juani kama mwehu, na yeye alikuwa na ushahidi ndani ya kiatu. Angevua kiatu tu. Angeuweka mguu wake kando ya mguu wa mama yangu mbele ya watu wote, na kesi ingekufa hapo hapo. Kwa nini alinyamaza? Nilimvika soksi nikiwa na swali hilo, na nililibeba hadi kaburini, na kutoka huko hadi Mutomo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Nilizima redio. Nilimwambia watu walikuwa wengi, nikamwambia kaburi liko karibu na nyumba. Kisha nikamwambia.

"Mama, yeye pia alikuwa nayo. Nundu. Niliishika kwa mkono wangu."

Aligeuka kunitazama. "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Pahali gani?"

"Pale pale. Kubwa kuliko yako. Mkewe ndugu yake amesema alikuwa anaumia nayo tangu akiwa hapa."

Mama akainama, akaugusa mguu wake mwenyewe, akapitisha kidole juu ya nundu polepole.  Machozi yakaanza kumtoka, machozi ya kweli, ambayo hakuyatoa siku ile ya pikapu wala tulipopata habari ya kifo. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Nilidhani tumefika. Nilidhani, hata kama ni kwa kuchelewa, huyo mwanamke sasa anarudishiwa nyumba yake.

"Kumbe ilimrudia," mama akasema, akijifuta kwa leso. "Maskini. Na alikaa nayo kimya hivyo. Si angeniambia tu, ningemsamehe."